Konsonanti Pacha za Kiingereza na Sikio la Lubumbashi

Kijana wa Lubumbashi anapoanza Kiingereza, tayari ana tahajia mbili kichwani. Kiswahili cha nyumbani huandikwa kama kinavyotamkwa, na maneno yake ya asili ni nadra kurudia konsonanti. Kifaransa cha darasani huzirudia kila mara, ila sikio kwa kawaida halipati tofauti. Matokeo yake, kijana huyu huziona herufi pacha kama pambo la kukaririwa tu. Makosa mengi huanzia hapo, kwa sababu katika Kiingereza pacha walio wengi wana kazi.

Kazi hiyo ni kumwonyesha msomaji kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Huko Uingereza, katika karne ya 12, mtawa aliyeitwa Orm aliandika kitabu kizima akirudia konsonanti baada ya irabu fupi ili maneno yatamkwe sawasawa. Tahajia yake haikuenea, lakini wazo lenyewe limo katika Kiingereza cha leo.

Sikio la Kiswahili linaweza kulinasa wazo hilo. Andika neno kwa herufi za Kiswahili kama unavyolisikia. “Mining”, kazi inayoendesha jiji hili, husikika “maining”: kabla ya “n” kuna irabu mbili, kwa hiyo “n” ni moja. “Digging” husikika “diging”: irabu ni moja, kwa hiyo “g” ni mbili. “Dinner” ni “dina” na “diner” ni “daina”. “Hopping” ni “hoping”, ilhali “hoping” ni “houping”. Hata “copper”, shaba yenyewe, husikika “kopa”, ndiyo maana ina “p” mbili. Kwa ufupi: irabu moja sikioni, konsonanti mbili kwenye karatasi, irabu mbili sikioni, konsonanti moja. Maneno ambayo irabu yake huandikwa kwa herufi mbili, kama “cooking” na “heading”, hayamo katika hesabu hii.

Ugumu unaofuata ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa huusukuma mwishoni, Kiingereza huuhamisha neno hadi neno. Kitenzi “permit” kina mkazo mwishoni, ndipo tunapata “permitted”. “Begin” vilevile hutoa “beginning”. “Visit” ina mkazo mwanzoni, hivyo “visited” hubaki na “t” moja. Herufi “l” ndiyo inayokaidi: Waingereza huandika “travelling”, Wamarekani “traveling”, tahajia ambayo Noah Webster aliitetea katika kamusi yake ya 1828. Anayevuka Kasumbalesa kwenda Zambia, nchi iliyotawaliwa na Uingereza hadi 1964, atakutana zaidi na ile ya Kiingereza cha Uingereza.

Kifaransa nacho husaidia na kupotosha. Kiingereza kilichukua maneno mengi ya Kifaransa, kikahamishia mkazo mwanzoni, kisha mara nyingi kikaongeza pacha baada ya irabu fupi: “bouton” ikawa “button”, “coton” ikawa “cotton”, “miroir” ikawa “mirror”, “bagage” ikawa “baggage”. Mfano bora ni “carotte”: Kifaransa kina “t” mbili mwishoni, Kiingereza kikaandika “carrot”, pacha wakifuata mkazo. Lakini “city”, “lemon”, “cabin” na “visit” yalibaki na konsonanti moja kama asili yake ya Kifaransa, ingawa irabu ni fupi. Hapa mwanafunzi wa Lubumbashi ana faida: akikumbuka “cité” na “limon”, hatapotea.

Kuna pia pacha wa Kilatini, waliozaliwa pale kiambishi kilipokutana na shina. Neno linalowatesa wengi, “accommodate”, lina “c” mbili na “m” mbili kama “accommoder” ya Kifaransa. “Difficult” na “immense” nayo hayana shida kwa aliyesoma Kifaransa.

Yanayobaki ni maneno ambayo lugha hizi mbili hazikubaliani, na hayo ndiyo ya kukariri kwa jozi: “adresse” na “address”, “agressif” na “aggressive”, “trafic” na “traffic”, “comité” na “committee”, kisha upande wa pili, “appartement” na “apartment”, “ennemi” na “enemy”, “littérature” na “literature”. Hata humo mna utaratibu: “-onnel” ya Kifaransa huwa “-onal”, kama “traditionnel” na “traditional”, “professionnel” na “professional”.

Orodha ndefu za maneno ya Kiingereza peke yake, kama zinavyotolewa kwa wanafunzi wa London, hazimfai mtoto wa Lubumbashi. Mwalimu aanze na sikio, afuatishe mkazo, kisha atundike ukutani jozi za Kifaransa na Kiingereza zinazogongana. Kukariri kuje mwisho, na kuwe kwa maneno machache.