Deni la Kitabu: Usawiri wa Kijiji katika The Camel Bookmobile

Makala haya yanahakiki usawiri wa kijiji cha Mididima katika The Camel Bookmobile (2007), riwaya ya Mmarekani Masha Hamilton. Mididima ni kijiji cha kubuni. Hata hivyo, Garissa ni mji halisi, na maktaba ya ngamia iliyoichochea riwaya hii ni halisi vilevile: Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya liliianzisha Garissa mwaka 1996, kwa ngamia watatu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwandishi amefaulu kuwapa wanakijiji nafsi, lakini amelihesabu deni kwa upande mmoja.

Kisa chenyewe si kigumu. Fiona Sweeney, mkutubi kutoka New York, anawapelekea wafugaji vitabu. Sharti ni moja: kitabu kisiporudishwa, ngamia hawaji tena. Taban, kijana aliyeachwa na makovu baada ya kushambuliwa na fisi utotoni, harudishi alivyoazima, na kijiji kizima kinatiwa majaribuni.

Kifani, riwaya ina nguvu. Mtazamo unahama kutoka kwa Fiona hadi kwa mwalimu Matani, mkewe Jwahir, bibi Neema na mjukuu wake Kanika. Kwa mbinu hii Mididima haiwi umati usio na sura. Wapo wanaovitamani vitabu na wapo wanaovihofia, na hofu yao inapewa uzito wake.

Dosari inajitokeza katika majina. Neema ni jina la Kiswahili. Abayomi, mtengenezaji ngoma, ana jina la Kiyoruba. Kwa Wasomali, ambao ndio wengi Garissa, jina ni nasaba: mtoto hukaririshwa majina ya mababu kizazi baada ya kizazi. Hata miongoni mwa Waboni na Wamunyoyaya, Abayomi angekuwa mgeni. Huenda ikajibiwa kuwa kabila hilo ni la kubuni. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa riwaya inayoutaja mji kwa jina lake imekwisha kujifunga na uhalisia. Tena, watu waliokatwa nasaba ni rahisi kuwadhania kuwa hawana kumbukumbu, wanangoja kujazwa na vitabu. Kinyume chake, mtunzi wa gabay hurudia sauti ileile ya mwanzo wa maneno tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na wapokezi huuhifadhi utungo kichwani na kuusambaza. Somalia ilipoidhinisha hati rasmi ya Kisomali mwaka 1972, fasihi hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa zamani.

Hapo ndipo suala la deni linapogeuka. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya hali ya hatari mwezi Desemba 1963, na sheria zake hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Maktaba ya ngamia ilianza miaka mitano baadaye. Msomaji anayeyakumbuka hayo hawezi kumwona Taban kuwa mdeni mkuu wa kisa hiki. Waliocheleweshewa vitabu kwa karibu miaka thelathini wanadaiwa kitabu cha majuma machache.

Riwaya hii inastahili kusomwa na kufundishwa. Lakini darasani isomwe sambamba na tungo za Wasomali wenyewe, ili mwanafunzi wa Garissa atambue kwamba ngamia walipofika na masanduku yao, walikuta maktaba nyingine.