Riwaya ya Kwanza Hutoka Wapi? Tafakuri juu ya Siku Njema ya Ken Walibora

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili, kijana wa upande wa Mbale, alituletea madaftari mawili yaliyojaa mwandiko wa mkono. Alisema ni riwaya ya vijana, akaomba tuisome. Tuliisoma tukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Tulisahihisha upatanisho wa kisarufi, tukarekebisha ngeli, tukapiga mstari chini ya maneno aliyoyaazima kutoka lugha ya nyumbani kwao, kisha tukamrudishia. Juu ya hadithi yenyewe hatukuandika hata neno moja. Tangu siku hiyo hajatuletea daftari jingine.

Tumeonelea tuanze na kisa hiki kwa sababu katika toleo hili tumeombwa kuihakiki Siku Njema kwa manufaa ya wanafunzi wanaosomea ualimu, na kila tulipofungua ukurasa tuliyakumbuka madaftari yale. Siku Njema ni riwaya ya kwanza ya Ken Walibora. Ilichapishwa mwaka 1996 na shirika la Longhorn la Nairobi, ikawa kitabu cha fasihi kilichotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Sisi tulikuwa bado shuleni ilipotoka. Nakala tuliyoisoma ilikuwa imevuka mpaka mfukoni mwa mtu, nayo ilikuwa imekwisha kupoteza jalada.

Swali letu ni hili: riwaya ya namna hiyo ilitoka wapi? Wengi wetu tungejibu kwamba ilitoka Pwani, maana ndiko tunakodhani fasihi ya Kiswahili huzaliwa. Jibu hilo si sahihi. Walibora alizaliwa Bungoma, magharibi mwa Kenya, akakulia upande wa Kitale. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kibukusu, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kimasaba kinachosemwa upande wetu wa Mlima Elgon. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wetu mwenye madaftari mawili na mwandishi wa Siku Njema walinyonya lugha zinazokaribiana mno. Mmoja tunamsomesha darasani kama bingwa. Mwingine tulimpigia mistari mekundu.

Wengine watajibu kwamba ilitoka chuo kikuu. Hilo nalo si kweli. Kabla ya kufahamika kwa uandishi, Walibora alikuwa afisa wa probesheni, yaani mtumishi wa serikali anayewasimamia watu ambao mahakama imewapa adhabu ya kutumikia nje ya gereza. Shahada yake ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi aliipata baada ya riwaya hii kuchapishwa, si kabla. Utangazaji wa habari, shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Ohio State aliyoipata mwaka 2009, na kazi ya kufundisha vyuoni Marekani na Kenya, vyote vilikuja baadaye. Kitabu ndicho kilichotangulia, vyeti vikafuata.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Msimulizi ni Kongowea Mswahili, anayejulikana pia kama Msanifu Kombo. Anazaliwa Tanga, mama yake Zainabu Makame akiwa mwimbaji wa taarab. Baba hayupo. Mama anapofariki, kijana anabaki mikononi mwa watu wasiomtakia mema, na hatimaye anafunga safari ya kwenda Kenya kumtafuta mzazi asiyemfahamu. Safari hiyo inamfikisha Kitale.

Msomaji asiharakishe kuyapita majina haya. Kongowea ni jina la kale la Mombasa, na Mswahili halihitaji maelezo. Lakini mwenye majina hayo ni mtoto wa mama wa Tanga na baba wa Kitale. Kwa maoni yetu, hapa ndipo palipo moyo wa riwaya hii. Mwandishi amekiweka Kiswahili chenyewe katika umbo la mtoto: kimelelewa na mama wa Pwani, lakini kina baba bara, na hakitatulia mpaka kimjue. Mtu aliyekulia Kitale hakuandika hivyo kwa bahati tu. Alikuwa akidai urithi.

Kuhusu yaliyomchochea mwandishi, tunawatahadharisha wanafunzi wasije wakasoma maisha ya mtunzi ndani ya kila sentensi. Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuyafumbia macho. Mosi, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwasikiliza waliopotoka hujifunza kwamba kila kosa lina historia, na huruma ya namna hiyo imeenea katika riwaya hii kwa watoto wasio na mlezi. Pili, mama. Mwaka 2014 Walibora alitoa tawasifu yake na kuiita Nasikia Sauti ya Mama. Aliyesoma vitabu vyote viwili ataona kwamba sauti ya mama haikuanza kusikika katika tawasifu.

Je, riwaya haina kasoro? Inazo, na mhakiki anayezificha hamsaidii mtu. Kongowea ni mwema kupita kiasi. Maovu humfika kutoka nje, lakini ndani yake hatuoni vita vikali vya nafsi. Bahati nayo inafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na ploti: watu hukutana pale wanapohitajika kukutana. Aidha, lugha imesheheni methali, nahau na misamiati mizito hivi kwamba mara nyingine kijana anazungumza kama mzee wa baraza. Mwanafunzi wa Uganda anayeanza kujifunza Kiswahili hukwama hapo, naye hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Tumewahi kuwaza kwamba uzito huo wa lugha ni mbwembwe tu. Leo tunaona tofauti kidogo. Yatima huyu hana shamba, hana nyumba, hana jina la ukoo linalomfungulia mlango. Mali yake ni lugha. Mwandishi asiyetoka Pwani naye alikuwa katika hali hiyohiyo: ilimbidi aionyeshe mali yake hadharani ili asiulizwe ameipata wapi. Kasoro inabaki kuwa kasoro, lakini sasa tunajua chanzo chake.

Chanzo kingine ni shule. Katika eneo letu riwaya ya vijana haiwi na maisha marefu bila kupita darasani. Wizara ikiiteua, itasomwa na maelfu; isipoiteua, itakaa ghalani. Mchapishaji analijua hilo, na mwandishi pia. Tulinganishe na Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, naye mtu wa bara. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971. Ilisema waziwazi jinsi wasichana wanavyoharibiwa wakiwa masomoni, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania, na ikachukua muda kabla ya kukubaliwa kusomeshwa. Siku Njema ilifunguliwa mlango uleule uliofungiwa Rosa Mistika. Hatusemi kwamba Walibora aliandika kwa woga, kwani Kufa Kuzikana ya mwaka 2003 iliigusa chuki ya kikabila bila kupepesa macho. Tunachosema ni kwamba mlango wa shule una kimo chake, na anayetaka kuupita mara nyingi huinamisha kichwa. Wema uliokithiri wa Kongowea huenda ni shingo iliyoinamishwa.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Uganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi ni jambo moja na utekelezaji ni jingine, lakini mwelekeo unaonekana. Vitabu vingi vya fasihi tunavyosomesha vimetoka Kenya na Tanzania. Tunawashukuru majirani zetu. Lakini kijana wa Mbale, wa Arua au wa Masaka atakutana lini na mhusika anayefanana naye, anayepanda boda boda ya kwao na kulilia mama wa kwao, kwa Kiswahili?

Hatakutana naye iwapo sisi walimu tutaendelea kuwa mahakama ya ngeli. Sarufi ni lazima. Hatuibezi, maana ndiyo inayotulisha. Lakini ina zamu yake. Mhariri mzuri husahihisha upatanisho kwa siku chache. Hadithi iliyokatishwa tamaa haina mhariri.

Walibora alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020, akiwa amekwisha kuandika vitabu vingi. Heshima tunayoweza kumpa si hotuba. Kuanzia muhula ujao, wanafunzi wenye miswada watakaribishwa ofisini kwetu kila Ijumaa mchana. Swali la kwanza litakuwa: mhusika wako anataka nini, na nani anamzuia? Kalamu nyekundu itabaki kwenye droo mpaka swali hilo lijibiwe.

Na kama mwenye madaftari mawili anausoma ukurasa huu, tunamwomba ayarudishe. Tunataka kujua yule msichana aliyeachwa kituo cha basi alifika wapi.