Rafiki Asiyeweza Kukusaliti

Katika Civilization VI, ukishafunga muungano na kiongozi mwingine, njia ya kumtangazia vita inafungwa. Kwa zamu 30, ukicheza kwa kasi ya kawaida, wewe huwezi kumshambulia na yeye hawezi kukushambulia. Si kwamba mmeamua kuheshimiana. Programu imewafunga mikono. Unaweza kuondoa kila askari mpakani ukalala usingizi wa pono. Wachezaji wengi wanaupenda utaratibu huu na ninaelewa kwa nini, maana nani hataki jirani wa uhakika? Mimi naona ndio ulioua kitu kizuri kuliko vyote katika gemu hizi.

Najua hapa tunajadili zaidi riwaya na tamthilia, lakini nivumilieni. Mchezo wa mikakati wa zamu kwa zamu ni ndugu wa bao na drafti: unacheza, unasubiri wengine wacheze, zamu inarudi kwako. Tofauti ni kwamba wapinzani wako, wanaoendeshwa na kompyuta, wana majina, sura na kauli. Mansa Musa, Isabella wa Hispania, Shaka, Gandhi. Wanatokea kwenye skrini, wanasalimu, wanaomba shaba, wanatishia. Yaani ni wahusika. Na mhusika anayetoa ahadi tunamsoma kwa swali moja: ataitimiza? Nyerere alipotafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kati ya visu vyote ni kisu cha Brutus kinachouma. Hao wengine hawakuwa na urafiki wa kuvunja.

Mfululizo wa Civilization ulianza mwaka 1991, ukiwa kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley, na kila toleo limekuwa na jibu lake kuhusu mhusika wa kompyuta anavyopaswa kupenda na kuchukia. Toleo ninalolirudia mara kwa mara ni la nne, la mwaka 2005, lililosanifiwa chini ya Soren Johnson. (Ndilo hilo hilo ambalo ukilifungua unapokewa na wimbo wa Christopher Tin, "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliokuja kushinda Grammy mwaka 2011. Unasalimiwa kwa lugha yako mlangoni, kisha unaingia ndani unakuta katika wafalme na malkia wote hakuna hata mmoja wa pwani yetu. Tuendelee.)

Katika toleo hilo unaweka kielekezi juu ya jina la kiongozi na mbele yako inafunguka hesabu yake yote kukuhusu. Jumlisha, kwa sababu dini yenu ni moja. Jumlisha, mmekaa kwa amani miaka mingi. Toa, mipaka yenu inabanana. Toa, alikuomba msaada ukakataa. Toa, umefanya biashara na adui yake mkubwa. Jumla yake inaangukia kwenye hali moja kati ya tano, kuanzia hasira kali hadi urafiki.

Kuna wanaosema hiyo si diplomasia, ni daftari la mangi. Sawa, ni daftari. Lakini nani aliwahi kusema ujirani hauna daftari? Nani alikuja msibani na nani hakuja, hilo linakumbukwa miaka ishirini, ila tu hakuna anayekuonyesha ukurasa wako. Na uhondo wa daftari hili hauko kwenye ukurasa mmoja. Uko pale kurasa mbili zinapogongana. Mansa Musa wa toleo la nne ni mfanyabiashara wa maarifa: hata asiyempenda sana yuko tayari kubadilishana naye ugunduzi. Isabella ni mtu wa dini, na asiye wa dini yake ana kazi kubwa kwake. Sasa wewe umekaa katikati yao. Dini yako ni ya Isabella, maendeleo yako yanatoka kwa Mansa Musa, na wao wawili hawapikiki chungu kimoja. Kila ugunduzi unaoununua kwa mmoja unaandikwa kama kosa kwa mwingine. Halafu siku inafika Isabella anaingia vitani na anakuja kukuuliza, bila kuzunguka, uko upande gani.

Hapo hakuna jibu salama. Ukikubali, unapoteza mwalimu. Ukikataa, unaandikwa. Nimewahi kukaa mbele ya swali hilo muda mrefu kuliko ninavyokaa mbele ya barua pepe za mhariri wangu. Na daftari halisemi yote, kwa sababu tabia zinatofautiana. Catherine wa Urusi anaweza kupanga kukuvamia huku anaonekana ameridhika na wewe. Wengine wakifika hapo wanatulia. Kwa hiyo unajifunza kumsoma mtu, si namba yake tu.

Mwaka 2008 Johnson alitoa mhadhara kwenye mkutano wa watengenezaji wa michezo ya kompyuta, na kichwa chake kilikuwa kuhusu kompyuta inayocheza ili ishindwe. Hoja ilikuwa kwamba kompyuta inayocheza vizuri na kompyuta inayoleta mchezo mzuri si kitu kimoja. Nadhani kila mwandishi wa hadithi anaijua tofauti hiyo. Iago hakuumbwa ili amshinde msomaji.

Toleo la tano, la mwaka 2010, likageuza mambo. Lilipotoka, daftari lilifichwa, na viongozi wakatengenezwa wacheze ili washinde. Kwa maelezo yalivyo, ndio ukomavu: mpinzani mwenye malengo, rafiki anayeweza kukugeuka. Kwa nini basi watu walilalamika kwamba wamezungukwa na vichaa? Nafikiri jibu liko kwenye moja ya sababu ambazo viongozi hao huzitoa kwa kukuchukia: kwamba wanaona unajaribu kuushinda mchezo kwa njia ileile wanayoitumia wao. Hebu fikiria hilo. Malkia uliyeishi naye kwa amani miaka elfu tatu anakugeuka, na sababu yake haiko ndani ya ulimwengu wake. Hujamwibia kisima wala hujamtukania dini. Anakuchukia kwa sababu kuna mchezo, na mchezo una mwisho. Ni kama mhusika wa riwaya akukasirikie kwa kuwa umekaribia ukurasa wa mwisho. Usaliti wa namna hiyo haukuumizi. Unakuchosha tu.

Ndiyo maana wachezaji wakijikuta na mshirika asiyeeleweka, wanamtungia hadithi. Ngano maarufu kuliko zote ni ya Gandhi. Inasema kwamba katika mchezo wa kwanza ukali wake ulikuwa namba 1, akaingia kwenye demokrasia, ukapungua kwa 2, kompyuta ikashindwa kuhesabu chini ya sifuri ikaruka hadi 255, na mtu wa amani akaanza kugawa mabomu ya nyuklia. Ngano tamu kweli. Meier mwenyewe, kwenye kitabu cha kumbukumbu zake cha mwaka 2020, amesema hitilafu hiyo haikuwahi kuwapo. Kinachonifurahisha ni kilichofuata: katika toleo la tano mbunifu Jon Shafer aliuweka kwa makusudi upendo wa Gandhi kwa mabomu ya nyuklia juu kabisa, kwa utani. Ndivyo fasihi simulizi ya wachezaji ilivyogeuka kuwa sheria ya mchezo.

Turudi toleo la sita, la mwaka 2016, ambalo naliona bovu kwa namna nzuri zaidi. Hapa kila kiongozi ana ajenda inayotokana na historia yake, na nyingine ya siri unayoichimbua taratibu. Kwenye karatasi ni wazo la mwandishi: mpe mhusika kitu anachokitaka. Tatizo ni kile wanachokitaka. Angalia Kongo. Mmoja wa viongozi wake ni Mvemba a Nzinga, na ajenda yake ni kwamba anampenda anayemletea dini kwenye miji yake, na anamchukia mwenye dini asiyemletea. Yeye mwenyewe hawezi kuanzisha dini. Anapokea. Mpelekee wamisionari, na anakuwa rafiki yako.

Mvemba a Nzinga alikuwa mtu wa kweli, Afonso wa Kwanza wa Kongo, aliyetawala kuanzia miaka ya 1500 mwanzoni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1540 akiwa Mbanza Kongo, mji ulio kaskazini mwa Angola ya leo. Mkristo alikuwa, tena wa dhati. Hapo mchezo haudanganyi. Lakini tunamjua zaidi kwa barua zake. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno, João wa Tatu, aliyemwita ndugu, akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake na kuwapeleka utumwani, wakiwemo watoto wa wakuu na jamaa zake mwenyewe, na kwamba nchi inakwisha watu. Akaomba aletewe mapadre na walimu, siyo bidhaa, isipokuwa divai na unga wa ibada. Wala hakuwa malaika: watumwa walikuwapo Kongo, naye aliwahi kuwauza, na baada ya malalamiko yake hakuipiga marufuku biashara yenyewe bali aliteua maofisa wa kukagua nani kapatikana kihalali. Ni mtu aliyenaswa na mshirika wake. Anamhitaji na anaona anavyomla.

Kuna mhusika wa mchezo wa diplomasia aliye bora kuliko huyo?

Na mwaka 2021 ikaongezwa Ureno kwenye toleo hilohilo, chini ya nani? João wa Tatu. Yule yule aliyeandikiwa barua. Kwa hiyo unaweza kuwaweka wote wawili kwenye ramani moja, na bila shaka niliwaweka. Nilijipa nchi ya mbali nikakaa kuwatazama. João ana jengo lake maalumu, kituo cha biashara ambacho mabaharia wake hukijenga kwenye pwani ya nchi nyingine, na sheria ya mchezo ni kwamba kituo hicho kinamnufaisha Mreno na kinamnufaisha mwenye pwani pia. Dhahabu kwa huyu, dhahabu kwa yule. Hakuna anayepungukiwa na mtu. Katika mchezo wangu wakatangaziana urafiki mapema tu, na kwa muda wa urafiki huo, kama sheria inavyotaka, hakuna aliyeweza kumgusa mwenzake.

Kazi yangu ya uandishi wa habari inanipeleka kwenye kumbi ambako viongozi wanashikana mikono mbele ya kamera, na tunaandika kwamba uhusiano ni wa kunufaishana. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi sana. Kwa hiyo nilipoiona imegeuzwa kuwa kanuni ya hesabu, kati ya watu hawa wawili hasa, nilisimamisha mchezo kwanza.

Zanzibar imo pia, kama mji unaojitegemea. Unatuma wajumbe, wakifika watatu na kuwapita wa wenzako unakuwa mlezi wake, na zawadi yako ni mdalasini na karafuu ambazo huzipati kwa njia nyingine. Ramani halisi ilikuwa na mlezi kuanzia mwaka 1890, na tarehe 27 Agosti 1896 mlezi huyo aliipiga ikulu kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, kisa nani akae kwenye kiti.

Toleo la saba, la mwaka 2025, limesahihisha jambo moja. Mshirika wako akiingia vitani unapaswa kuchagua: uingie naye, au muungano ufe. Angalau urafiki umeanza tena kuwa na gharama, na nilipoulizwa mara ya kwanza nilijikuta nahesabu askari kama zamani za Isabella. Bado hakuna mshirika anayekuja kukuambia kwamba muungano wenu unammaliza. Anakasirika, anajiondoa, anatangaza vita. Kulalamika huku akiendelea kukuita ndugu, kwa sababu hana pengine pa kwenda, hajafundishwa.

Katika mchezo wangu ule, kufikia karne ya 16 mfalme wa Kongo alikuwa na dini ya Ureno karibu miji yote, na uso wake kwenye orodha ulikuwa wa furaha. Nilifungua ukurasa wake kuangalia sababu. Ya kwanza ilikuwa wamisionari.