Kusoma Namba ya Hitilafu

"Mtandao unasumbua" ni jibu linalotolewa upesi kila muamala wa simu unapokwama, na kwa maoni yangu ndilo jibu lililotugharimu zaidi, kwa sababu linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Mkulima wa vitunguu saumu wa Masieda, kule Mbulu, akiambiwa hivyo anabaki hajui kama fedha zake zimetumwa, zimezuiliwa au hazikuwahi kuondoka kwa mnunuzi. Kumbe mara nyingi mfumo umeshasema kilichotokea, ila umesema kwa namba. Kwa mfano, katika Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya, namba 1 maana yake salio halitoshi, 1032 ni mteja kughairi ombi mwenyewe, na 1037 ni simu yake kutopatikana. Wa kwanza anahitaji kuongeza salio, wa pili anahitaji kuulizwa kwa nini amesita, wa tatu anahitaji kusubiriwa. Kuwajibu wote watatu kwa sentensi moja ni sawa na kumpa dawa ya malaria kila mwenye homa, desturi ambayo WHO iliikataa mwaka 2010 ilipoagiza vipimo vitangulie tiba.

Kwenye blokcheni ufundi huu wa kusoma namba unadai umakini zaidi, kwa kuwa wasemaji ni wengi na kila mmoja anajua sehemu yake tu. Fundi mzuri haanzi na maana ya namba. Anaanza kwa kuuliza nani anasema. Namba 429 inatoka mlangoni, yaani kwenye seva inayopokea maombi: maombi yamezidi kiwango, na mnyororo wenyewe wa blokcheni haujaulizwa lolote. Namba -32602 inatoka kwa nodi, yaani kompyuta ya mtandao wa blokcheni, iliyolipokea ombi na kukuta vigezo vyake si sahihi. Seva inaweza hata kujibu 200, yaani yote ni shwari, huku ndani ya jibu hilohilo mna hitilafu. Na kwenye Ethereum, muamala unaweza kuingia kwenye bloku ukiwa umeshindwa, ada ikakatwa vilevile; tangu 2017 stakabadhi yake huonyesha 0 badala ya 1. Anayeishia mlangoni ataripoti mafanikio yasiyokuwepo.

Wapo wanaosema mtumiaji wa kawaida hana haja na namba hizi. Ni kweli, na hapo ndipo thamani ya fundi inapoonekana. Sarafu, mfumo wa Grassroots Economics uliotokana na Bangla-Pesa ya Mombasa ya mwaka 2013, ulifikisha miamala ya blokcheni kwenye simu za kitochi kwa njia ya USSD, hadi kwa wanakijiji wa Kinango. Kioo cha kitochi kina nafasi ya maneno machache tu. Ili maneno hayo yawe ya kweli, lazima mtu awe ameisoma hitilafu kwa niaba ya mwenye simu.

Wengine husema programu ijaribu tena yenyewe mpaka ifaulu. Hoja hii ina hatari. Lango likijibu 504, limesema kwamba limechoka kusubiri; halijasema kwamba muamala umekataliwa, na huenda tayari uko njiani. Muamala uleule uliokwisha kusainiwa ukitumwa mara ya pili, namba yake ya mfuatano inaulinda usitekelezwe mara mbili. Lakini programu ikisaini mwingine kwa namba mpya, yote miwili inaweza kupita, na kwenye mnyororo hakuna karani wa kurudisha fedha. Kutojua si kushindwa. Fundi anayelijua hilo hutafuta kwanza muamala kwa alama yake ya utambulisho, ndipo aamue.

Nakubali pia kwamba baadhi ya misimbo ni mibovu. Namba kuanzia -32000 hadi -32099 zimeachiwa watengenezaji wa seva, nao huifanya -32000 kuwa kapu la kila kitu. Hapo fundi husoma ujumbe ulioambatana nayo, hukagua kumbukumbu za seva, huuliza nodi nyingine. Ni kazi ya subira isiyoonekana na mtu, nayo inastahili ujira na sifa.

Enyi mnaoandika mifumo ya malipo, msiandike "jaribu tena" mahali ambapo hamjui kilichotokea. Andikeni: "Muamala wako bado unachunguzwa, tafadhali usitume tena." Kisha uchunguzeni kweli.