Fedha za Nani?

Msimu wa kahawa Mbinga hujulikana kwa mizani, magunia na foleni kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Kwa mtunza hesabu msimu huanza mapema zaidi, siku anapofungua akaunti za leja kwenye kompyuta. Hakuna anayekuja kumtazama, wala sijasikia mkutano mkuu ukimpigia makofi. Mimi nampigia.

Programu mpya ya uhasibu haijui lolote. Kila akaunti unayoifungua inakuuliza: hii ni mali, deni, mtaji, mapato au gharama? Sasa fedha za mnada wa kahawa zimeingia benki. Mwenye haraka ataziandika zote kuwa mapato, na ripoti itaonyesha chama kimetajirika. Fundi anatulia. Kahawa ile ni ya wakulima. Chama kimeikusanya na kuiuza kwa niaba yao. Basi anazipeleka kwenye madeni, “Wakulima: malipo ya kahawa”, na kwenye mapato anahamisha ushuru wa chama peke yake. Shilingi ni zilezile, benki ni ileile. Ila bodi ikisoma ripoti ya kwanza itawaza kununua pikipiki. Ikisoma ya pili itauliza wakulima wanalipwa lini.

Kazi hii si ngeni. Pande mbili za leja, debiti na krediti, alizieleza Luca Pacioli katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kompyuta imetupunguzia kujumlisha tu. Kuamua kumebaki kwetu.

Umatengo, nchi ya Wamatengo huku Mbinga, unakijua vizuri Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kilichokuwa kikikopesha pembejeo na kununua kahawa hadi kikaanguka katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sisemi leja nzuri ingekiokoa. Nasema mbolea ya mkopo inayokatwa kwenye kahawa inamtaka kila mkulima awe na akaunti yake, anachodai na anachodaiwa vionekane pamoja. Na hapa koo zina kazi yake: akina Ndunguru, Komba na Kapinga ni wengi, majina ya ubatizo nayo hujirudia. Akaunti ifunguliwe kwa namba ya mwanachama, jina lifuate, la sivyo mbolea ya mmoja italipwa na kahawa ya mwingine.

Namba za akaunti zenyewe ziachiane nafasi: 1010, 1020, 1030. Chama kikianza kupokea soya, akaunti yake itapata pa kukaa bila kuwahamisha majirani.

Ukiteremka hadi Mbamba Bay, mfanyabiashara wa dagaa anatosheka na orodha fupi. Lakini kama anauziana na watu wa ng'ambo ya ziwa, Malawi, kwacha ziwe na akaunti yake mbali na shilingi, na hasara ya kubadilisha fedha iwe na yake. Akizichanganya, hatajua kama amepunjwa na dagaa au na kiwango cha fedha.

Akaunti ninayoihofia ni moja, “Mengineyo”. Huzaliwa nyembamba, ikanenepa kuliko zote, kwa kuwa kila mvivu ana risiti ya kuilisha. Mafuta ya jenereta yana akaunti. Nauli ya kwenda Songea ina akaunti. Hata chai ya wajumbe wa bodi ina akaunti. Sasa hayo mengineyo ni yapi?