Elephanta Yaingiwa Ubavuni

Kosa linafanyika pale pale mlango wa kaskazini. Mgeni ameshuka gatini, amepanda ngazi zaidi ya 100 huku jasho likimtoka, na sasa anavuka kizingiti cha pango kuu la Elephanta, kisiwa cha Mumbai. Macho hayajazoea kiza, na kiongozi tayari amenyoosha mkono mbele: Trimurti ile pale! Kundi zima linapita katikati ya nguzo, mita zipatazo 39, moja kwa moja hadi ukuta wa kusini, linapiga picha sanamu ya nyuso tatu, kisha linarudi taratibu kutazama paneli nyingine kama mtu anayeokota makombo baada ya karamu. Njiani limeacha upande wake wa kulia chumba cha mraba chenye milango minne, kila mlango una walinzi wawili wa mawe warefu kuliko binadamu yeyote, na ndani yake limo linga, alama ya mungu Shiva. Walinzi wanane wamewekwa kulinda kitu, na watu wanapita bila hata kupiga hodi. Anayeipanga ziara namna hii anaiharibu kazi ya wachongaji, na ushahidi upo kwenye mwamba wenyewe.

Tazama ramani ya pango. Lina pande tatu zilizo wazi: kaskazini, mashariki na magharibi. Chumba cha linga hakiko katikati, kimesogezwa magharibi, ili anayetoka ua wa mashariki akione mbele yake mwishoni mwa safu ya nguzo, akikifuata hatua kwa hatua. Katika ua huo wa mashariki kuna jukwaa la mviringo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilikuwa la Nandi, ng'ombe dume wa Shiva, ambaye desturi yake ni kukaa akilielekea linga. Kibla cha pango hili basi ni mashariki-magharibi. Jua la asubuhi huingia kwa upande huo. Mlango wa kaskazini, kwa sehemu kubwa ya mwaka, haupati jua la moja kwa moja. Na kama mtu bado ana shaka, aende Jogeshwari, huko huko Mumbai, pango la karne hiyo hiyo ya 6 na la mkono unaofanana: huko unateremka kutoka mashariki na kulikuta linga mbele yako.

Ukiingia kwa mashariki, mambo yanajipanga yenyewe. Unapokelewa na paneli mbili za mlima Kailasa. Upande mmoja Shiva na Parvati wamekaa baada ya mchezo wa dadu. Upande wa pili Ravana, mfalme wa mapepo, ametuelekezea mgongo, mikono yake mingi imevunjikavunjika, lakini mabega bado yanasukuma mlima ambao Shiva anautuliza kwa kidole cha mguu tu. Hapo ndipo unapojifunza ukubwa wa anayekaa mle ndani, kabla hujalifikia linga. Ile sanamu kubwa ya kusini, yenye zaidi ya mita 5, unaikuta kwa ubavu, ikichomoza gizani kutoka kwenye kishubaka chake kirefu. Wachongaji waliiweka ndani kabisa kwa makusudi. Anayeipeleka mbele ya mgeni katika dakika ya kwanza anamnyima kule kustuka walikokusudia.

Wapo watakaosema gati liko kaskazini na ngazi zinaishia kaskazini, sasa mgeni apite wapi? Apite hapo hapo, ila baada ya kizingiti ashike kushoto, afuate nguzo hadi ua wa mashariki, ageuke, aanze upya. Ni hatua za kuhesabika. Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema pango lina mihimili miwili, na kwamba paneli za Nataraja na Shiva mwanayoga, zilizo kulia na kushoto mwa mlango wa kaskazini, zinathibitisha kuwa huo nao ulikuwa mlango wa heshima. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuikataa. Lakini hata huyo anayeingia kaskazini amewekewa paneli hizo mbili mwanzoni ili asimame: mmoja anacheza, mwingine ametulia. Kundi la leo halisimami. Kwa hiyo mhimili wa pili, badala ya kuitetea ziara hii, unaongeza shitaka.

Jina nalo limechangia. Trimurti linamfanya mtu atafute Brahma, Vishnu na Shiva, ilhali wote watatu ni Shiva: wa kushoto mkali mwenye nyoka, wa kulia mpole mwenye ua la yungiyungi, wa kati ametulia kimya. Jina linalostahili ni Sadashiva, na kila linapoachwa, nusu ya maana inaachwa nalo. Mtindo wa kung'oa kipande kimoja na kuutupa uzima wake ni wa zamani hapa: Wareno waliliondoa jiwe la maandishi, na mwaka 1864 Waingereza walijaribu kumchukua tembo wa mawe aliyekipa kisiwa jina lake la kigeni, akavunjika vipande. Tofauti na hao, mtaalamu wa mambo ya kale James Burgess, katika kitabu chake cha 1871, alipima na kueleza pango paneli kwa paneli, hakuruka kona hata moja.

Nguzo zilizovunjika zimeimarishwa vizuri, na umeme uliofika kisiwani 2018 ni jambo jema. Kinachokosekana ni kibao kimoja mlangoni, chenye mshale unaoelekea kushoto.