Utepe na Chanuo

Mtoto anayeletwa Eldoret kupimwa EEG, yaani umeme wa ubongo, mara nyingi huwa amekesha. Mama au kogo, yaani bibi, amemzuia kulala makusudi, kwa kuwa ubongo uliochoka hufichua dalili za kifafa kwa urahisi zaidi, na usingizi wenyewe unatakiwa unaswe mle chumbani mwa kipimo. Wanafika na baridi ya asubuhi, mtoto akisinzia begani, na swali la kwanza huwa moja: atapigwa umeme? Fundi wa kipimo hulijibu kila mara kana kwamba halijawahi kuulizwa. Hapana, mama, hatumtii umeme, tunausikiliza ule alio nao mwenyewe.

Napenda kumtazama fundi huyu kazini. Mashine haigusi kwanza. Anachukua utepe, ule ule wa fundi cherehani, anaupitisha kutoka kwenye kibonde cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogo. Tuseme amepata sentimita 36. Anatia alama ya penseli kwenye 3.6, kisha kila baada ya 7.2, mpaka nyuma zibaki tena 3.6: asilimia 10, halafu 20 mara nne, halafu 10. Kisha sikio hadi sikio, kisha kuzunguka kichwa chote. Mwishowe ana sehemu 19 kichwani na mbili masikioni za kubandikia elektrodi, vidude vya kunasa umeme huo. Mpango huu ulichapishwa na Herbert Jasper wa Montreal mwaka 1958, na uzuri wake ni kwamba unafuata uwiano. Kichwa cha mtoto wa miaka miwili na cha mkimbiaji wa Iten hugawanywa sawasawa, kwa hiyo daktari aliye mbali anajua kila mstari umetoka juu ya sehemu gani ya ubongo. Fundi akikosea upana wa kidole, daktari atatafuta ugonjwa mahali pasipo pake.

Sasa nywele. Vifaa hivi vilibuniwa Ulaya na Marekani kwa nywele laini zinazolala, na mzigo wa tofauti hiyo umebebwa na mikono ya mafundi wetu. Rasta za kuongezea zitafumuliwa. Nywele nzito zitagawanywa kwa mkia wa chanuo, kidogo kidogo, mpaka ngozi ionekane, isuguliwe taratibu, ipakwe jeli, na elektrodi ibanwe isiteleze. Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha njia nyingine: suka matuta kwa kufuata mistari ya Jasper, kisha elektrodi zishikiliwe na matuta yenyewe. Kwangu huo ni uvumbuzi mkubwa, na msusi yeyote wa Eldoret angeuelewa kabla hujamaliza kuueleza.

Usumbufu wote huo una sababu. Wimbi la ubongo likifika juu ya ngozi lina mikrovolti 50 hivi. Betri moja ya tochi ina volteji mara 30,000 zaidi. Ngozi yenye mafuta, elektrodi iliyolegea, nyaya za umeme ukutani zinazovuma mara 50 kwa sekunde, yote hupiga kelele kuliko ubongo.

Mashine inapowashwa, fundi anamwambia mtoto afumbe macho. Kwa wengi, mistari ya kisogoni huanza kupanda na kushuka kwa utulivu, mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Akifumbua, mawimbi hayo hufifia. Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani aliyerekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924, alikawia hadi 1929 kuyatangaza, na wengi hawakumwamini upesi.

Siku hizi kofia zinazodaiwa kusoma mawimbi haya na kunoa akili zinatangazwa sana. Nikizisikia namkumbuka fundi huyu, ambaye kwa saa nzima hapokei chochote bila kukikagua. Kope ikipepesa, wimbi kubwa huruka mbele ya kichwa. Taya likibanwa, mistari ya pembeni hujaa vichaka vyeusi. Kila mara anaandika pale pale kwenye rekodi: amekohoa, amemeza mate, mama amemshika kichwa, amelala. Daktari atakayeisoma hakuwamo chumbani. Kwa maandishi hayo mafupi atajua kwamba mchomo mkali aliouona ni kikohozi, na kwamba ule mwingine, uliotokea mtoto akiwa ametulia kabisa usingizini, haukutoka kwenye msuli, na dawa ya kifafa inaweza kuzungumzwa.